Kesi za Mifupa ya Kale: Kinachothibitika na Kinachokisiwa

Mwaka 2012, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti waliona mifupa ya watu imejitokeza juu ya uwanda mkavu unaoitwa Nataruk. Zamani pale palikuwa ukingo wa maji. Walipomaliza kuchimba walikuwa na mabaki ya watu wasiopungua 27, na 12 kati yao mifupa yao ilikuwa ingali imekaa vile miili ilivyolala. Januari 2016 kundi lililoongozwa na Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitangaza katika jarida la Nature kwamba hapo palitokea mauaji ya halaiki, miaka kama 10,000 iliyopita. Kati ya wale 12, watu kumi walikuwa na dalili za kufa kwa kupigwa au kuchomwa. Fuvu moja lilikutwa na kijembe cha obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kimenasa mfupani. Mwanamke mmoja alikuwa mjamzito, na mikono yake ilikaa kana kwamba ilifungwa. Magazeti yakashangilia: vita vya kale kabisa vya binadamu vimepatikana Turkana.

Mwaka haukuisha. Jarida hilohilo likachapisha pingamizi la Christopher Stojanowski na wenzake, ambao baadhi yao kazi yao ya kila siku ni maiti za polisi na mahakama. Kijembe hawakukikana. Waliuliza mambo mawili: je, nyufa za mafuvu yale zilitokea siku ya kifo, au zililetwa na uzito wa udongo katika karne zilizofuata? Na je, watu hawa walianguka pamoja siku moja, au hapo palikuwa makaburi ya watu waliokufa kwa nyakati mbalimbali? Lahr na wenzake walijibu na kushikilia msimamo wao. Mafuvu yanayobishaniwa ni yaleyale, na vipimo ni vilevile.

Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai anayeitwa kwenye maiti huulizwa maswali matatu: marehemu ni nani, amekufaje, na mwili wake umepatwa na nini tangu alipokata roho. Akiolojia imeyarithi maswali hayo pamoja na vifaa vyake. Tatizo ni kwamba hayajibiki kwa uhakika ulio sawa, na sisi wasomaji tunayatamani kwa mpangilio uliopinduka. Tunamtaka muuaji kwanza, kisha jina la marehemu. Habari za udongo, fisi na mchwa tunawaachia wenyewe wataalamu. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo linalojibika vizuri kuliko yote, na yale mawili mengine husimama au huanguka juu yake.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa wa mtu aliye hai una maji na protini inayoitwa kolajeni, kwa hiyo hupinda kidogo kabla haujavunjika. Ukipigwa, ufa hukimbia mshazari, kingo hubaki laini, na mara nyingine vibanzi huning'inia bila kukatika. Mfupa uliolala ardhini karne nyingi umeshapoteza unyevu na kolajeni. Huo hukatika kwa pembe ya mraba, na kingo zake huparuza kidole. Kisha kuna rangi. Ukingo uliovunjika zamani umenyonya udongo na kufanana na uso wa mfupa, lakini ukingo mweupe umevunjwa na sururu ya mchimbaji mwenyewe, pengine jana mchana. Jeraha ambalo mtu aliishi nalo lina alama yake pia: baada ya wiki mbili hivi kingo huanza kuviringika na mfupa mpya huonekana ukiunga.

Kwa hiyo majeraha hugawanywa mafungu matatu, ya kabla ya kifo, ya karibu na kifo, na ya baada ya kifo. Fungu la katikati ndilo lenye utelezi. Katika mochwari daktari ana nyama na damu. Akiona damu imevilia kuzunguka jeraha anajua moyo ulikuwa bado unapiga. Mwanaakiolojia hana nyama. Mfupa nao haujui saa ya kifo, kwani hubaki mbichi kwa wiki na hata miezi baada ya mwenyewe kufa. Rungu lililomuua mtu na jiwe lililouangukia mwili wake mwezi mmoja baadaye vinaweza kuacha ufa usiotofautishika. Ripoti ya uchimbaji ikiandika kwamba jeraha ni la karibu na kifo, msomaji mwenye haraka husoma kwamba mtu aliuawa. Ripoti haikusema hivyo.

Kosa la aina hiyo liliwahi kuzaa nadharia nzima juu ya tabia ya binadamu. Raymond Dart, yule aliyetangaza fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925, baadaye aliona katika mifupa ya pango la Makapansgat, Afrika Kusini, kwamba baadhi ya sehemu za mifupa ya wanyama zilikuwa nyingi mno kuliko nyingine. Ncha ya chini ya mfupa wa mkono, kwa mfano, ilikutwa mara nyingi kuliko ncha yake ya juu. Akahitimisha kwamba mababu zetu walikuwa wauaji waliochagua mifupa iliyofaa kuwa silaha. Ndipo mtafiti Bob Brain alipokwenda kwenye vijiji vya wafugaji kando ya Mto Kuiseb, Namibia, akaokota mifupa ya mbuzi waliokwishaliwa na watu na kisha kutafunwa na mbwa. Uwiano ulikuwa uleule. Ncha ya juu ni laini na huliwa. Ya chini ni ngumu na hubaki. Hakukuwa na silaha wala uchaguzi.

Brain hakuishia hapo. Katika pango la Swartkrans kulikuwa na fuvu la kijana wa jamii ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lenye matundu mawili ya mviringo yaliyoachana kwa milimita 33 hivi. Waliokuwa na picha ya marungu vichwani mwao walisema amepigwa. Brain alichukua taya la chini la chui wa kale lililotoka kwenye pango hilohilo, akaweka meno yake ya chonge juu ya matundu. Yakaingia. Huo ni uchunguzi wa jinai hasa, wa kulinganisha alama na kitu kilichoiacha, na ulitupatia mtuhumiwa ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta. Kitabu chake cha mwaka 1981 kinauliza kuanzia kwenye jalada kama mababu hao walikuwa wawindaji au wawindwaji.

Kielelezo kizuri kuliko vyote cha swali hili la tatu kiko kwetu Pwani, katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, kilomita kama 15 kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 2013 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walikuta vipande vya mifupa, na mwaka 2017 wakafikia shimo dogo la mviringo, mita tatu hivi chini ya sakafu ya sasa ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kusagika ukiigusa. Ikafunikwa kwa plasta pamoja na udongo wake, donge zima likapelekwa Nairobi, kisha Ulaya hadi Burgos, Hispania, ambako María Martinón-Torres na timu yake walilifukua maabara kwa miezi mingi. Meno ndiyo yaliyosema ni mtoto wa binadamu kama sisi, mwenye miaka miwili na nusu hadi mitatu. Udongo ulipimwa umri kwa mbinu ya kuangalia mara ya mwisho chembe zake zilipoona mwanga. Jibu likawa miaka kama 78,000. Watafiti wakampa jina Mtoto, na habari yake ikachapishwa Mei 2021. Hakuna kaburi la kale zaidi ya hilo lililokwisha kutangazwa barani Afrika kwa binadamu wa aina yetu.

Tunajuaje kwamba ni kaburi, na si mtoto aliyefia pangoni akafukiwa na mchanga? Hapa yanaingia maarifa ambayo Mfaransa Henri Duday aliyajengea taaluma nzima. Mwili ukioza viungo haviachani pamoja. Vile vidogo vya vidole na shingo huachia mapema. Vya kiuno na uti wa mgongo wa chini hudumu. Kama kuna nafasi wazi kuzunguka mwili, mifupa hudondoka humo kadiri nyama inavyokwisha. Kama mwili umebanwa na udongo au nguo, mifupa hukaa palepale. Mtoto alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mbavu zake zilikuwa bado zimeshikilia umbo na mtulinga ulikuwa umesukumwa, jambo linaloashiria sehemu ya juu ya mwili iliviringishiwa kitu, ngozi au majani. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayotokea pale kitu kilichokiegemeza kinapooza na kuacha pengo, na timu ikakisia kwamba alilazwa kwenye mto. Udongo wa ndani ya shimo nao ulitofautiana na wa kando, na kemia yake ilionyesha kwamba mwili mzima uliozea hapo.

Utaona kwamba hakuna aliyesema mtoto alikufa kwa nini. Kifo chake hakina jibu, lakini mazishi yake yanajulikana kwa undani ambao hata baadhi ya makaburi ya karne iliyopita hayana. Sanda na mto vimesomwa kutokana na mahali mifupa ilipoangukia, wakati vyenyewe havikuacha hata uzi.

Swali la kifo hujibika pale mambo mawili yanapokutana: silaha iliyobaki mwilini, na majeraha ya umri mbalimbali kwenye mwili mmoja. Ötzi, mtu wa barafu aliyepatikana mpakani mwa Italia na Austria mwaka 1991, alichunguzwa miaka kumi kabla ya eksirei kuonyesha ncha ya mshale begani. Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan, inafundisha zaidi. Makaburi yake yalichimbwa miaka ya 1960 na Fred Wendorf, wakati maji ya bwawa la Aswan yalipokuwa karibu kulifunika bonde, na kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba hapo palipiganwa vita. Mwaka 2021 Isabelle Crevecoeur na wenzake walitoa matokeo ya kuipitia upya kwa hadubini mifupa ya watu 61, wakagundua alama 106 ambazo hazikuwa zimeandikwa. Watu 41 walikuwa na angalau jeraha moja, na 16 kati ya hao walibeba yaliyopona na yasiyopona kwa pamoja. Mtu mwenye jeraha la mshale lililounga na jingine bichi alishambuliwa zaidi ya mara moja maishani. Vita vile vya mara moja vikageuka kuwa uhasama wa kuviziana uliojirudia, miaka isiyopungua 13,400 iliyopita. Nataruk hatuna alama nyingi za namna hiyo za kutuongoza. Binafsi naamini kwamba baadhi ya watu wale waliuawa, kwa sababu ya kile kijembe. Neno halaiki ndilo linalohitaji ushahidi mwingine, ushahidi wa kwamba walikufa pamoja, na huo hautoki kwenye fuvu. Unatoka kwenye udongo.

Sasa swali la nani. Kwa kawaida huanza na jinsia, umri na kimo. Jinsia ya mtu mzima husomwa vizuri kwenye nyonga, kwa kuwa ya mwanamke imepanuka kwa ajili ya uzazi. Umri wa mtoto nao ni mwepesi, meno yana ratiba yake. Mtu mzima ndiye anayewatesa wataalamu. Katika jedwali la Suchey na Brooks la mwaka 1990, linalotumiwa sana kusoma mfupa wa kinena, mwanamume aliye katika hatua ya nne kati ya sita anaweza kuwa na miaka 23 na anaweza kuwa na 57. Hakimu anaweza kuvumilia hilo kwa sababu polisi wana orodha ya waliopotea. Mwanaakiolojia hana orodha. Jean-Pierre Bocquet-Appel na Claude Masset walionya tangu mwaka 1982 kwamba umri unaokadiriwa huiga umri wa watu waliotumika kutengeneza jedwali. Kimo nacho hukokotolewa mara nyingi kwa kanuni za Trotter na Gleser za mwaka 1952, zilizotokana kwa sehemu kubwa na askari wa Marekani waliokufa katika Vita vya Pili. Kumpima mvuvi wa Kilwa wa karne ya 14 kwa miguu ya askari wa Marekani ni jambo linalotaka angalau sentensi moja ya tahadhari, na sentensi hiyo haiandikwi kila mara.

Magonjwa yana mtego wake pia. Maradhi mengi huua haraka kabla hayajagusa mfupa, kwa hiyo mifupa yenye alama za ugonjwa huenda ni ya watu wenye nguvu walioweza kuishi nao, na mifupa safi ikawa ya wale walioondoka wiki ya kwanza. James Wood na wenzake waliandika hoja hiyo mwaka 1992, na tangu hapo hakuna anayeweza kuhesabu alama za upungufu wa damu makaburini na kutangaza moja kwa moja kwamba mji ulikuwa na afya mbaya. Hata tarehe humtegemea mlaji. Kaboni ya baharini ni kongwe kuliko ya nchi kavu, kwa hiyo mtu aliyekula samaki wengi huonekana kwenye kipimo cha kaboni kama amekufa zamani kuliko ukweli. Mfalme Richard wa Tatu, aliyefukuliwa Leicester mwaka 2012, kwanza alipata tarehe ya mapema mno kwa kifo chake cha mwaka 1485. Ililingana baada ya samaki wake kuhesabiwa. Kwa makaburi ya Waswahili hilo halikwepeki.

Na Waswahili wamekwisha kupimwa. Machi 2023 Nature ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa waandishi walikuwamo Chapurukha Kusimba na David Reich. Kwa wengi wa watu hao, upande wa kikeni ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na wa kiumeni kwa sehemu kubwa ulitoka Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Simulizi za Washirazi za mababu waliotoka Uajemi, ambazo wanazuoni wengi walishazihesabu kuwa hadithi ya kujikweza, zikapata mguu wa kusimamia. Lakini ni akina nani walizikwa mahali ambapo wachimbaji huchimba? Ni wenye makaburi ya mawe karibu na misikiti, watu wa nyumba kubwa. Wakulima na watumwa wa miji hiyo hawakuzikwa hapo. Kipimo kimejibu kuhusu mabwana wa mji, na wasomaji wengi wamekichukulia kama kimejibu kuhusu Waswahili.

Kutoka kipimo kinachobebeshwa zaidi ya kilichosema ni hatua fupi hadi Kalenga, Iringa, na fuvu la mtawala wa Wahehe. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 Wajerumani walipomkaribia, na kichwa chake kikakatwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo; wenyewe walidai hawana. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lenye mafuvu mengi, akachagua moja kutoka fungu la Afrika Mashariki. Alitumia uwiano wa upana wa kichwa kwa urefu wake, ambao ulikuwa kama asilimia 71, sawa na wa ndugu wa Mkwawa waliopimwa, pamoja na tundu la risasi. Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Sibishani na Wahehe juu ya thamani ya fuvu lile. Nabishana na kipimo. Uwiano wa asilimia 71 wanao watu wengi mno Afrika Mashariki, na matundu ya risasi hayakuwa haba katika vita vile. Mbaya zaidi, kipimo hicho kilitoka kwa watu walewale waliokusanya mafuvu ili kupanga jamii za binadamu kwa daraja.

Linganisha na yaliyotokea Berlin. Mkusanyo wa maelfu ya mafuvu uliojengwa enzi za mwanaanthropolojia Felix von Luschan ulikabidhiwa mwaka 2011 kwa taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia, ikaanza kuchunguza yale ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 ilitoa hesabu: 904 ya watu wa eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Kwa machache ya Kilimanjaro yaliyokuwa na maandishi ya kutosha, watu wa familia zilizodhaniwa kuhusika waliombwa sampuli, na matatu yakapata ndugu walio hai. Moja lilikuwa na jina Akida, mtu aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi.

Vinasaba pekee visingetosha. Nasaba ya kiumeni hushirikiwa na ukoo mzima, kwa hiyo maabara inaweza kusema huyu ni wa ukoo huu. Lipi ni la nani husemwa na wino ulioandikwa juu ya mfupa na barua za wakusanyaji. Ndiyo maana mafuvu mengi kati ya yale mia tisa na zaidi ya Rwanda hayatapata jina kwa njia hii: karatasi zao hazitaji zaidi ya eneo yalikotoka. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mjukuu wake alitoa sampuli, ikalinganishwa na mafuvu yaliyokuwa yamedhaniwa, na hakuna lililolingana. Maabara ikaandika hivyo, bila kumpa lililokaribia.